Nafasi ya Naibu

Bi Mwanakheri, mkuu wa maktaba ya mji, alikuwa kwenye simu huku akitazama nje kupitia kioo cha ofisi yake. Kule mapokezi, naibu wake Shebughe alikuwa amesimama kati ya wahudumu wawili waliokuwa wakigombana mbele ya wasomaji. Hakujua aanzie wapi, na Mwanakheri alijua kwa nini.

"Kuna nafasi ya mafunzo ya uongozi," alisema ofisa wa makao makuu. "Au mwaka huu pia huna mtu?"

Kila mwaka Mwanakheri alimbania Shebughe nafasi hiyo, akihofia kwamba naibu akijua kuongoza, yeye hatahitajika tena. Sasa alikuwa anakaribia kustaafu, na maktaba ingebaki mikononi mwa mtu aliyemnyima mafunzo kwa makusudi.

"Ninaye," akasema. Akafungua mlango, akamwita Shebughe, akampa simu. "Ni yako."

Sauti ya ofisa ilisikika ofisi nzima.

"Afadhali, bwana. Mwaka jana bosi wako alituambia unaumwa, huwezi kusafiri. Pole sana. Unaendeleaje?"

Mwaka jana Shebughe hakuugua hata mafua. Akamgeukia Mwanakheri. Mama wa watu akainamisha kichwa, akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimepona," Shebughe akajibu taratibu, bila kumwondolea macho. "Nitakuja."

Kisha akaiweka simu mezani, akafunga mlango, akavuta kiti, akaketi mbele ya bosi wake kusubiri maelezo.