Kesi ya Alizeti na Asumini

Tulieni, hii hamjaisikia popote! Nyuki na Kipepeo waligombana: kati ya alizeti ya Nyuki na asumini ya Kipepeo, ua lipi bora? Wakamwita Beberu aamue, eti kisa ana ndevu.

Beberu akaifyeka alizeti yote mpaka shina. "Tamu! Haya, la pili liko wapi, nilinganishe?"

Kipepeo roho ikamruka. Haraka akaonyesha upupu uliochanua kwenye uzio wa jirani. "Langu lile pale, Mheshimiwa."

Beberu akatia mdomo mzima. Weee! Alijikuna, akajisugua ukutani, akagaragara.

"Hukumu, Mheshimiwa?"

"Alizeti! Alizeti imeshinda, jamani!"

Jioni Nyuki, mshindi mwenyewe, akatua na njaa yake penye asumini. "Jirani, hodi."

"Karibu, bingwa," akacheka Kipepeo.