Mwenzi wa Mionzi

Sheria haikuwa na mjomba: mgonjwa wa saratani akishachomwa sindano ya kingamwili zenye mionzi, hukaa siku kumi chumba kimoja na mgonjwa mwingine aliyechomwa kama yeye, maana hao wawili hawadhuriani. Mke au mume asiyeumwa husimama nje ya kioo.

Siku ya sita, Chausiku alisimama nje ya kioo akimtazama Kibwana, mumewe wa ndoa ya miaka kumi na tisa, akimmegea mkate wa kumimina mgonjwa mwenzake wa chumbani, Mwanahawa, mjane mwenye vishimo vya mashavuni.

"Huo nimeupika mimi!" Chausiku alisema kwenye kipaza sauti.

"Ndiyo maana mtamu," Kibwana akajibu. "Mwenzangu anakusifu."

"Mwenzako?"

"Wa mionzi tu, mke wangu. Usianze!"

"Karibu tukae watatu, shoga," Mwanahawa akatania. "Ila uugue kwanza."

Chausiku akacheka kwa meno, moyo ukiungua. Kisha akashuka ghorofa ya chini kwa kipimo chake cha mwaka, ambako nako huchomwa kingamwili, chache tu, ziutafute uvimbe na kung'aa zinapoukuta.

"Hongera, mama," kijana wa mashine alisema. "Zimezunguka mwili mzima zikakosa pa kushika. Hakuna hata doa."

Chausiku aliikodolea macho picha yake, nyeusi tii.

"Hebu tazama tena, mwanangu. Hapa kwenye titi. Hata kidogo hakuna?"

Aliuliza kwa sauti ile ile anayoombea nyongeza sokoni.