Bibi Asiye na Picha

Bibi Ardith hakuwa na picha kifuani, na ndiyo maana alipewa kiti cha mbele.

Wengine wote waliokuja mahakamani asubuhi ile walikuwa wamening'iniza shingoni picha za marehemu wao, zimetiwa plastiki zisilowe machozi. Twyla alivaa ya babake, Virgil, anacheka huku amempakata paka. Ni paka huyohuyo ambaye mzee alimrudia ndani siku moto uliposhuka mlimani, asitoke tena. Paka alipona, na mpaka leo hana shukrani.

Asiye na picha haulizwi. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya watu wa Tanbark tangu mji wao, huko vilimani kaskazini mwa Kalifornia, ugeuke jivu. Moto uliokula watu ulikula na albamu, na mwenye shingo tupu ni yule aliyepoteza vyote viwili. Kwa hiyo bibi huyu mgeni alipoingia na fimbo yake na kopo la biskuti za karanga, watu walisogea. Twyla akamtandikia koti lake kitini. Dewey, jirani aliyefiwa na mkewe katika moto ule, akaenda kumtafutia kahawa, akarudi na vikombe viwili, akanywa chake na nusu ya cha bibi.

Kesi yenyewe haikuwa na fumbo. Kampuni ya umeme iliacha kulabu kuukuu ishikilie waya mlimani, miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa mpya ni gharama. Upepo ukavuma, kulabu ikakatika, cheche zikaangukia nyasi kavu. Sasa kampuni ilikuwa imekubali kosa la kuua bila kukusudia, na mkuu wake, Bwana Loftus, ndiye aliyeletwa kusimama kwa niaba yake, maana kampuni haina miguu. Haina shingo pia, Dewey alisema, ndiyo sababu hainyongwi.

Twyla hakutaka kitanzi. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aitazame picha ya babake, atamke kwamba ana hatia, naye Twyla asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Wakili wa kampuni akainuka kwa upole wa muuza majeneza. Akaomba mteja wake aseme mara moja tu, kwa marehemu wote, ili kuokoa muda wa mahakama. Jaji akatupia jicho saa ya ukutani.

"Hawakufa kwa jumla."

Bibi Ardith alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu ya fimbo. "Kila mtu alikufa kifo chake, mheshimiwa. Na aseme mmoja mmoja."

Askari wa mahakama akamwashiria akae. Lakini Bwana Loftus alikuwa ameshageuka kutazama sauti inakotoka, na uso wake ukapauka kama unga. Twyla aliona, akaburudika. Kumbe anatuogopa, aliwaza. Loftus akamnong'oneza wakili wake, wakili akanuna, kisha akamwambia jaji kwamba mteja wake atajibu kwa kila jina.

Dewey akasema chinichini kwamba bibi huyu angekuwa ndiye mkuu wa kampuni, mji ungekuwepo.

Majina yakaanza. Jaji anasoma, picha inamulikwa na kujaa ukutani, Loftus anasema, "Nina hatia." Jina jingine, picha nyingine, "Nina hatia." Bibi Ardith hakumwondolea macho. "Sasa atakuna sikio," alinong'ona, na Loftus akakuna sikio. Twyla hakushangaa. Kesi ilikuwa imevutwa sana, na kila mmoja wao alishamkariri mtu yule kuanzia tai hadi soksi. Sauti ya mkuu ilipoanza kukwaruza, Dewey aliuliza kama kuna mwenye pipi ya koo amrushie. Bibi akajibu kwamba anazo tele mkobani, na hampi.

"Virgil Odom," jaji akasoma.

Mzee na paka wakatokea ukutani, anayecheka ni mmoja tu. Loftus akafungua kinywa. Akaangalia viatu vyake, na kilichomtoka kilikuwa kama sauti ya mtu anayeongea na uji mdomoni. Twyla aliinama mbele atege sikio. Jaji alikuwa ameshafika jina linalofuata.

Bibi Ardith alimshika Twyla mkono, akaubana.

Mwisho ukawa faini. Hakuna wa kulala jela. Nje, kwenye ngazi za mahakama, Twyla akamwambia bibi kwa mzaha kwamba babake hakuwahi kuwa na bahati kwenye foleni yoyote. Zamu yake ikifika, kitu kimekwisha. Akayacheka maneno yake mwenyewe, mpaka kicheko kikamgeuka akalazimika kufuta macho. Kisha akamuuliza bibi amewekwa kwenye trela gani kule kwenye makazi ya waliounguliwa, ili amfikishe na gari.

Kabla hajajibiwa, Bwana Loftus alitokea mlangoni na walinzi wake. Gari jeusi lilikuwa linamngoja na mlango wazi. Hakulifuata. Aliwaacha walinzi wakishangaa, akaja moja kwa moja walipokuwa. Dewey akasimama mbele ya Bibi Ardith kama ukuta, na wenye picha wengine wakajipanga ubavuni mwake.

Bibi akamsogeza Dewey kando kwa fimbo, taratibu.

"Mama," alisema Bwana Loftus, "nimeyasema yote. Twende nyumbani."

Bibi Ardith hakuuachia mkono wa Twyla. "Huyu ndiye binti wa Virgil," alimwambia mwanawe. "Kwake ulimung'unya. Rudia."