Gurudumu la Mjomba

"Zimekatika tena?"

"Mbili," alisema Mjomba, akalitua gurudumu kutoka begani na kulilaza juu ya meza ya mpwa wake. "Na nyingine zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Na marahaba, hata kama hujanisalimia."

Fundi alikuwa amesahau hata shikamoo. Alilikodolea macho gurudumu lile la nyuma la baiskeli ya umeme, lenye mota nzito katikati. Wiki hii hii alikuwa amelifunga spoki. Wiki iliyopita pia.

"Ziko wapi zilizokatika, mjomba? Nione zimekatikia wapi."

"Aa, nimeshazing'oa, nikatupa. Zingekwaruza fremu." Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi, anachungulia huku na huku kibandani. "Una kazi nyingine leo?"

"Sina."

"Basi shika hii. Wala usiharakishe."

Akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza Fundi. Mteja mwingine angefoka, angemtangaza mtaa mzima kuwa ni kanjanja. Mjomba halalamiki. Analipa, anatania, anakwenda zake, na baada ya siku mbili tatu huyo anarudi na gurudumu begani. Ukimharibia kazi mtu mkali, mtagombana yaishe. Ukimharibia aliyekulea tangu mama yako alipofariki, ukalala chumba kimoja na wanawe, uso utauficha wapi?

Tena Mjomba huyo hupeleka mikate madukani, kreti zimefungwa nyuma, kwenye barabara kuu ya malori. Spoki zikikatika nyingi kwa pamoja, gurudumu hujikunja, na mpandaji huangukia popote. Fundi aliliona jambo hilo kila alipofumba macho: mikate imetapakaa kwenye lami, baiskeli imelala, na watu wanakimbilia upande wa pili.

Siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayeshona kidonda. Aliweka spoki mpya, nene, zile zinazohimili mota. Akatia tone la mafuta kwenye kila nati. Akakaza robo, akazungusha, akakaza robo nyingine. Akazigonga kwa ukucha moja moja, akisikiliza, mpaka za upande mmoja zikalia sauti moja. Akazibana mbili mbili kwa viganja hadi viganja vikawaka moto, ili kama ipo ya kulegea ilegee hapo hapo. Gurudumu likazunguka bila kuyumba hata chembe.

Bado hakuiamini mikono yake. Akameza aibu, akalibeba hadi kwa Mzee Spana, fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kibanda chake hakikauki wateja.

Mzee Spana alilizungusha, akainama, akaligonga-gonga, akalizungusha tena.

"Sioni kosa," alisema. "Aliyelifunga hili anajua kazi."

"Niambie ukweli, mzee wangu. Zinakatika kila mara."

"Ukweli ndio huo. Wewe ni fundi, kijana. Kama zinakatika, labda mwenyewe anabeba tembo."

Fundi alishukuru, akaondoka ameinamisha kichwa. Aliona ni huruma tu. Mzee wa watu amemwona kijana yuko hoi, akampa neno tamu la kumsindikizia.

Jioni Mjomba alikuja kuchukua gurudumu lake. Fundi alimsihi asilipe chochote. Kwa mara ya kwanza Mjomba akakasirika.

"Kazi ni kazi! Unataka kunivunjia heshima?" Akaweka pesa mezani, akaondoka akipiga mluzi.

Kesho yake Fundi alishinda kibandani mikono mapajani, masikio yako barabarani. Kila lori lililopiga honi lilimpasua moyo. Alasiri Mjomba akapita na kreti zake, akapunguza mwendo, akatazama ndani, akapunga mkono, akaendelea. Fundi alimfuata kwa macho mpaka akapotelea kwenye kona, akaona hawezi tena. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Alikusanya spana, koleo, stendi ya kunyooshea magurudumu na kopo la spoki, akavipeleka vyote kwa Mzee Spana. Mzee alikataa kuvinunua.

"Una mikono, wewe. Usifanye hivi."

"Mikono hii itamuua mtu, mzee." Fundi alilia mbele ya wateja wa mwenzake, bila haya. "Itamuua mtu wangu."

Ikabidi mzee avipokee. Fundi akapitia kwenye ghala la saruji lililo jirani, akaomba kibarua cha kubeba mifuko, akaambiwa aanze kesho. Ufundi wa miaka yote ile ukaishia hapo.

Kutoka ghalani alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba. Alitaka kumpigia magoti: asiendeshe tena kwa gurudumu lile, alipeleke kwa Mzee Spana likafungwe upya, na amsamehe. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Akapita sebule aliyokulia, akasikia sauti uani, akasimama nyuma ya pazia.

"Mwache leo apumzike," mke wa Mjomba alikuwa akisema. "Jana tu umempelekea."

"Apumzike nini? Nimepita pale alasiri, hana mteja hata mmoja. Mtoto akikaa bure hivi atakata tamaa." Mjomba alikuwa amelipakata gurudumu, koleo mkononi, anachagua pa kuanzia. "Leo nakata tatu."