Mapenzi ya Kiboko kwa Paa

"Lakini nitapata namba kikosini?" Paa aliuliza, na hakuna aliyemjibu. Makocha wawili wa jimbo lake, Kiboko wa chuo cha mtoni na Nyati wa chuo cha mbugani, walikuwa wakishindana kupaza sauti, kwa kuwa Korongo wa jimbo jirani alikuja kumchukua mshambuliaji huyo mwepesi.

"Mwanangu, ukawachezee wageni, na mama yako yuko hapa?" Kiboko alilia, na kilio cha Kiboko hakina haya.

"Mtoto wa nyumbani, kwangu mimi, ni mboni ya jicho!" Nyati akadakia.

Paa akalainika, akajiunga na Kiboko. Korongo akaruka zake.

Msimu ulipoanza, Kiboko akapanga mamba aliowaleta kutoka majimbo ya mbali. Paa akasugua benchi mpaka msimu ukaisha.

"Kocha, ulinililia ya nini?"

"Ili usiende kwa Korongo," Kiboko akapiga miayo. "Na hukwenda. Hebu sogea, niweke taulo."

Hayo ndiyo mapenzi ya makocha hawa kwa watoto wa nyumbani: humfungia mtoto mlango, kisha wakamsahau ndani. Paa sasa anafunga virago. Wewe uliye karibu na lango la chuo, tafadhali mfungulie apite.