Ile N ya Katikati

Leo Signe amelitamka neno lile sawasawa.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe langu la kusagia, kakao imempanda hadi viwikoni. Akajifuta jasho kwa bega. "Cansada," akasema. Nimechoka.

Tangu aje hapa Oaxaca, Meksiko, kusoma Kihispania, na kwangu kujifunza chokoleti, alikuwa akiimeza ile n ya katikati. Kila mgongo ukimuuma, analalama: "Casada!" Nimeolewa!

"Haya, bwana'ko yuko wapi?" namuuliza. "Mbona haji kukusagia?"

Anacheka kwa kuwa mimi nacheka, katika jiko ambalo halikusikia kicheko tangu nimzike mume wangu.

"Nani kakurekebisha?" nikamuuliza leo.

"Mwalimu, shuleni. Mbona wewe hukuniambia, mama?"

"Sikusikia, mwanangu. Jiwe hili lina kelele."

Alipokwenda zake, nilichochea makaa ya kulainisha kakao chini ya jiwe, nikapiga magoti, nikasaga kakao iliyobaki. Mgongo ukaanza kuuma.

"Casada," nikasema kwa sauti.

Nikangoja mtu aniulize bwana'ngu yuko wapi.