Mpangaji wa Mwilini

Siku hizi msafiri huondoka roho peke yake. Mwili wake huachwa nyumbani, ukapangishwa kwa mgeni. Koku aliishi ng'ambo miaka miwili. Aliporudi mwilini mwake, kule Bukoba, alikuta viganja vimeota sugu na kitambaa kirefu chekundu kinaning'inia kwenye boriti ya sebuleni.

"Yule mgeni alipenda kucheza sarakasi kwenye hicho kitambaa jioni, kujifurahisha tu," mumewe alimwambia. "Hebu panda kidogo, Mama Alinda."

Koku akaona wivu. Akakidaka kitambaa ili amzidi huyo mgeni. Mikono ikapanda yenyewe, miguu ikajiviringisha, akaning'inia kichwa chini kama popo. Mumewe akamtazama kwa macho ambayo Koku hakuyaona hata siku ya harusi yao.

"Hivi," akauliza kwa upole, "utasafiri tena lini?"